Kitufe ambacho sikutaka kukibonyeza: gemu ya hadithi ina haki ya kutulazimisha?

Fundi_Msamvu

Wakuu, habari za usiku. Natanguliza tahadhari: nitataja miisho. Kama uko katikati ya The Last of Us au Red Dead Redemption 2, funga uzi huu, kamalize kwanza, ndipo urudi.

Mimi ni fundi wa tivii na redio hapa Morogoro. PS4 yangu, mashine ya kuchezea gemu, niliipata mwaka 2021 ikiwa mbovu. Mwenyewe alichoka kusubiri vifaa, akaniuzia, nikabadilisha tundu la HDMI na feni, na hadi leo inadunda. Nikishafunga ofisi na kula, nakaa na mdogo wangu wa mwisho, yule aliyemaliza kidato cha sita. Mimi nashika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, yeye ananisomea maandishi ya chini pale Kiingereza kinapokwenda mbio. Gemu za mpira tumewaachia vijana wa kibandani. Sisi tunacheza zenye kisa, zile ambazo ukizima unalala ukimuwaza mtu ambaye hayupo duniani.

Juzi tumemaliza The Last of Us Part II, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Nianze na ile ya kwanza, ya 2013. Joel ni baba aliyefiwa na binti yake Sarah usiku uleule ugonjwa unalipuka. Miaka 20 baadaye anapewa kazi ya kumsafirisha msichana, Ellie, kutoka Boston kwenda magharibi ya Marekani, kwa kuwa Ellie aling'atwa na mgonjwa lakini hakuugua. Wakishafika Salt Lake City, Ellie anakimbia mbele, unamfuata, unamkuta ameganda anatazama twiga. Twiga! Mimi nimepita Mikumi na basi la Iringa mara zisizohesabika, twiga wako pale kando ya barabara, na nilishafika mahali hata shingo sigeuzi. Usiku ule niligeuza. Gemu haikuhimizi. Unaegemea ukuta na Ellie, unawatazama mpaka ushibe. Adui hayupo, saa haihesabu, na ukiondoka umeondoka kwa hiari yako. Nilikaa kama dakika 10, na mdogo wangu hakusema neno.

Halafu hospitali. Madaktari wanataka kumpasua Ellie ubongo ili wapate chanjo, naye atakufa, na hakuna aliyemuuliza. Amelazwa usingizi wa dawa. Unaingia chumba cha upasuaji, daktari amesimama mbele ya kitanda na kisu chake kidogo. Nilirudi nyuma. Nikajaribu kupita upande mwingine. Nikasimama kama nilivyosimama kwa twiga, nikidhani labda hapa nako naruhusiwa kukaa tu. Nilikaa mpaka mdogo wangu akasema, "Kaka, haiendi." Kweli haiendi. Hadithi haisogei mpaka daktari afe. Nikabonyeza.

Mwaka 2020 ikaja ya pili, na yule daktari akapata binti. Binti huyo ndiye Abby, anayekuja kulipiza kisasi cha baba yake. Karibu nusu ya gemu unakuwa Abby mwenyewe, na ndani ya jumba la maonyesho kule Seattle unampiga Ellie, kwa padi ileile uliyomvushia Marekani. Mdogo wangu alitoka nje, akakaa barazani mpaka kelele zikaisha.

Mwishoni Ellie anarudi shambani, nyumba tupu. Anachukua gitaa ambalo Joel alimfundisha kupiga. Gemu nzima wewe ndiye ulikuwa unapiga nyuzi, kwa kupapasa kile kibao cha katikati ya padi. Sasa Ellie amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Unapapasa vilevile na wimbo hautoki, noti zina mapengo. Niliangalia mkono wangu mwenyewe. Hakuna mtu aliyenieleza kitu pale, hakuna hotuba, lakini nilielewa gharama ya kila nilichofanya kwa muda wote ule kupitia kidole gumba.

Maoni yangu ni haya, nayasema kwa moyo wote: hadithi ya gemu haiko kwenye vile vipande vya sinema unavyotazama ukiwa umeweka padi mapajani. Iko mkononi. Waliotengeneza wakilijua hilo, wanaweza kukufikisha mahali ambapo mwandishi wa kitabu hafiki.

Lakini mdogo wangu ananibishia. Anasema kukulazimisha kubonyeza kisha kukulaumu si haki. Nyie mnaonaje? Na kitufe chenu kilikuwa kipi?

Mwana_Likoni

Salaam, fundi. Umeandika vizuri lakini mie niko na mdogo wako.

Pale jumba la maonyesho nilizima. Sikutoka nje kama yeye, nilizima kabisa, na diski nikaiuza kesho yake. Si kwamba nilichukia Abby. Nilimwelewa. Nilichokataa ni kutumwa. Uamuzi umepitishwa California kwa watengenezaji, mie niko Mombasa nimeshika padi, halafu dhambi niandikiwe mie? Mzigo wa mtu usinitwike.

Linganisha na Ghost of Tsushima, ya 2020 hiyohiyo. Jin Sakai ni samurai wa kisiwa cha Tsushima mwaka 1274, Wamongolia wamevamia. Mjomba wake, Bwana Shimura, ndiye aliyemlea na kumfundisha kupigana kwa heshima, uso kwa uso. Jin anaona heshima hiyo haiokoi watu, akaanza kuua kwa kuvizia na kwa sumu. Mwisho wake mjomba anaamriwa kumuua. Wanapigana chini ya majani mekundu, unamshinda, naye anakuomba umpe kifo cha heshima. Hapo gemu inakuachia wewe: umuue kama alivyoomba, au umwache hai kwa aibu yake na wewe ubaki mhalifu.

Nami nililelewa na ami yangu. Chai ilipoa mbele yangu. Nikamwacha hai, na mpaka leo sijui kama nilimtendea wema au nilimnyima haki yake ya mwisho. Swali hilo ni langu kweli, kwa kuwa hakuna aliyenishika mkono.

Fundi_Msamvu

Mwana_Likoni, nimekusoma mara mbili. La ami limenigusa, na sina jibu la kulipinga.

Ila niseme hili. Kwa Jin unachagua kwa sababu Jin ni kama wewe. Joel si mimi. Mimi ningemwamsha Ellie nimuulize. Joel hawezi, maana akimuuliza huenda Ellie akakubali kufa, na yeye alishazika mtoto mmoja. Gemu ingenipa chaguo, ningemfanya awe mtu mwema, na nisingemjua kamwe. Kulazimishwa kule ndiko kulikonionyesha jinsi alivyofungwa. Ulipozima, ulifanya ambacho Joel hawezi kufanya.

Ziwani88

Wakuu, mimi naingia kwa Red Dead Redemption 2, na nina sababu yangu.

Mwaka 2017 nilimeza dawa za kifua kikuu miezi 6. Nilipona, nashukuru Mungu. RDR2 ilitoka Oktoba 2018, mimi nikaja kuicheza baadaye sana, bila kujua kisa chake. Mnajua tena: Arthur Morgan, mwaka 1899, jambazi wa genge la Dutch van der Linde. Sura ya pili anatumwa kudai deni kwa mkulima anaitwa Thomas Downes, si mbali na mji wa Valentine. Downes amekonda, anakohoa. Unampiga, wewe mwenyewe kwa vitufe, na katikati ya kipigo anakukoholea damu usoni. Arthur anajifuta. Basi. Gemu inaendelea, unawinda, unavua samaki, unaiba treni.

Mimi niliruka kwenye kiti. Mke wangu aliuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Kikohozi kile nakijua. Saa nyingi zilipita kabla Arthur mwenyewe hajaanguka mtaani Saint Denis na daktari kumwambia ana kifua kikuu, na muda wote huo nilikuwa nabeba siri ambayo yeye hana. Kila akikohoa kidogo nilikuwa nahesabu. Mwaka 1899 hakukuwa na dawa hata moja ya kuua vijidudu vile. Ningeweza kumpa zangu!

Mara ya pili nilipocheza nilifanya kitu ambacho nilidhani ni mimi peke yangu, kumbe wapo wengi: nilikataa kwenda kwa Downes. Wiki tatu nzima, ya kweli si ya kwenye gemu, Arthur wangu alikaa sura ya pili akivua samaki na kumpiga farasi wake brashi. Alikuwa mzima, mashavu yamejaa. Gemu haikunifukuza, lakini pia haikusogea.

Mwishowe nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu nilimkumbuka mjane wa Downes. Baadaye Arthur anamkuta Edith Downes kule Annesburg akijiuza, na kijana wake Archie yuko mgodini, na Arthur anayekufa anawapa pesa wakaanze upya huku mama akimkataa kwa hasira. Na pale kituo cha treni na mtawa, Sista Calderón, Arthur, jitu zima lile, anakiri kwamba anaogopa. Bila shamba la Downes mtu huyo hazaliwi. Angebaki mvuvi mwenye afya na roho mbovu.

Kwa hiyo Mwana_Likoni, nakubali hatukupewa chaguo la kumpiga au kutompiga. Tulipewa la kuchelewa, nami wiki zile tatu nazithamini kuliko chaguo lolote nililopewa kwenye gemu nyingine.

Shangazi_wa_Bububu

Nyote mmetaja gemu za Kiingereza kingi na damu nyingi. Mimi nakaa na watoto wa marehemu dada yangu, wawili, wavulana. Naomba niwatajie Brothers: A Tale of Two Sons, nayo ni ya 2013.

Ndugu wawili wanakwenda kutafuta dawa ya baba yao mgonjwa. Mama alishazama baharini, na mdogo alikuwepo akamwona, tangu hapo maji hayagusi. Padi moja inawaongoza wote: analogi (kile kijiti cha kuelekezea) ya kushoto ni kaka, ya kulia ni mdogo, na kila mmoja ana kitufe chake kimoja tu. Wanazungumza lugha ya kubuni isiyo ya nchi yoyote, kwa hiyo wanangu hawakuhitaji mkalimani. Inaisha kwa saa tatu au nne.

Kila penye maji mdogo anapanda mgongoni kwa kaka, wewe umebana kitufe cha kaka. Kaka anakufa. Mkono wa kushoto unabaki bure, hauna kazi, unausikia kabisa kwamba hauna kazi. Halafu mdogo anarudi nyumbani na dawa, peke yake, na mto uko mbele. Unabonyeza kitufe chake, anakataa. Unabonyeza tena, anarudi nyuma. Mwanangu mdogo ndiye alikuwa ameshika padi. Akanyamaza, akabana kitufe cha kaka. Yule mtoto akaingia majini akaogelea.

Hakuna aliyemwambia abane. Mkubwa alilia, mdogo hakulia, alisema tu, "Bado yupo." Waliongea kuhusu mama yao usiku ule kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Baba_Zuhura

Shangazi, pole sana kwa msiba. Uliyosema yamenikumbusha Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yuleyule aliyekuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kutokana na kifo cha baba yake. Kijana Zau anafanya makubaliano na Kalunga, mungu wa mauti: akimletea roho kuu tatu, Kalunga amrudishie Baba. Mapigano ni ya vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Kuna miti ya mibuyu ambapo Zau anakaa tu, anazungumza na Kalunga, na uhai wake unaongezeka.

Lakini nililotaka kusema ni hili: ina sauti za Kiswahili. Niko Leicester, binti yangu ana miaka 11, Kiswahili anakisikia kwangu tu na kwa bibi yake kwenye simu. Nilipobadilisha lugha na Zau akasema "Baba", binti alinigeukia mimi. Miaka 25 nacheza gemu, sikuwahi kuitwa na gemu kwa jina ninaloitwa nyumbani.

Fundi, kwa PS4 haipo, ni PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta.

Fundi_Msamvu

Baba_Zuhura, basi nitaisubiri kompyuta ya mteja fulani ambaye hana haraka, kwa ruhusa yake.

Ziwani88, Mungu akuzidishie afya. Downes nilimpiga bila kufikiri chochote, nilidhani ni kazi tu ya sura ya pili.

Shangazi, nimemsomea mdogo wangu uliyoandika, akaniambia tuanze hiyo na safari hii padi anashika yeye. Gemu tumeshaipata, inaingia kwenye PS4. Tatizo ni padi yenyewe: analogi ya kulia inajiendea, ukiachia inavuta juu. Kwa Joel tulizoea, kamera ilikuwa inapepesuka tu. Ila kama kulia ndiko aliko yule mdogo, ataondoka peke yake wakati kaka amesimama, na hilo sitaki. Nina analogi ya padi iliyokufa kwenye droo. Nawasha pasi yangu ya kuchomelea sasa hivi, kabla umeme haujakatika.