Fremu 48 za The Hobbit: kwa nini wengine waliona tamthilia ya runinga badala ya sinema?

mpenzi_wa_skrini

Wakuu, habari zenu.

Naomba tuichambue The Hobbit: An Unexpected Journey ya mwongozaji Peter Jackson, ile iliyotoka Desemba 2012. Ilikuja kwa sura tofauti: 2D ya kawaida, 3D ya fremu 24, na 3D ya fremu (picha moja moja) 48 kwa sekunde waliyoiita HFR, yaani kasi kubwa ya fremu. Walioiona hiyo ya fremu 48 hawajapatana hadi leo. Kundi moja linasema ndiyo 3D ya kwanza isiyowachosha macho. Kundi jingine linasema mapango yaligeuka mbao zilizopakwa rangi, na vibete wakawa watu wazima waliobandikwa ndevu.

Tatizo lilikuwa fremu zenyewe, projekta, au filamu? Kwa nini dakika za mwanzo watu waliona kama mwendo umeongezwa kasi? Na mtu akitaka kujionea tofauti leo afanyeje? Mtandaoni kuna mafaili yameandikwa "48fps" na mimi siyaamini.

---

fundi_wa_projekta

Mkuu, nianzie chumba cha projekta, maana lawama nyingi zilizobebeshwa fremu zilikuwa za mwanga.

Kiwango cha mwanga kwenye skrini ya 2D ni futi-lamberti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 14, sawa na kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwenye 3D ya projekta moja, macho yanapokezana zamu, kichujio kilicho mbele ya lenzi kinakula mwanga na miwani inakula tena. Ukumbi unaojitahidi unalenga futi-lamberti 4 na ushee. Taa ya zenoni ikishachoka, au kioo cha dirisha la projekta kikiwa na vumbi, unashuka chini ya 3. Hapo nyuso zinakuwa za kijivu na mtazamaji anatoka akisema picha ilikuwa mbaya, bila kujua ni nini hasa kilichomuudhi. Ndiyo maana watu wawili walioiona filamu hiyohiyo kwenye kumbi mbili wanaweza kubishana, na kila mmoja akawa sahihi kwa alichokiona.

Sasa mimweko. Kwenye 3D ya fremu 24, kila fremu inamulikwa mara tatu kwa kila jicho: 24 × 2 × 3 = mimweko 144 kwa sekunde. Jicho linaonyeshwa kitu mahali palepale mara tatu, halafu kinaruka. Kamera ikizunguka haraka, kingo zinajirudia na kichwa kinaanza kuuma. HFR ilikuwa 48 × 2 × 2 = 192, yaani mimweko miwili tu kabla ya picha mpya kufika. Kwa upande wa 3D hilo ni bora bila ubishi, na ndilo lile kundi la kwanza lililolifurahia.

Kuhusu mashine: projekta za kidijitali za DLP za kizazi cha kwanza hazikuweza. Ilitakiwa Series 2 (kizazi cha pili) yenye IMB, kadi inayofungua na kusimbua picha ndani ya projekta yenyewe, kwa sababu mfumo wa zamani wa seva ya nje na nyaya mbili za HD-SDI haubebi mzigo huo. Kikomo cha kawaida cha DCP (kifurushi cha mafaili ya filamu kinachopelekwa ukumbini) ni megabiti 250 kwa sekunde. 3D ya fremu 24 ina picha 48 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inapata kama megabiti 5.2. Ukiweka picha 96 ndani ya kikomo hicho, kila moja inabaki na 2.6, na moshi na giza vinaanza kuvunjikavunjika. Kwa HFR kikomo kilipandishwa hadi 450, kila picha ikapata kama 4.7.

Tena, toleo la 24 na la 48 ni CPL tofauti (orodha inayoiambia seva icheze mafaili gani), na kila CPL ina ufunguo wake wa KDM unaoifungulia. Mwendeshaji akipanga CPL ya 24 kwenye ratiba, filamu itacheza vizuri kabisa na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo wapo waliolipia HFR wakatazama 24, kisha wakaja kuitetea au kuiponda HFR ambayo hawakuiona.

---

shata270

Fundi kamaliza ya projekta. Mimi naongeza ya kamera, maana suala la "kasi kuongezwa" linatokea huku.

Filamu ya kawaida: fremu 24, shata (kifunga mwanga cha kamera) ya nyuzi 180, yaani wazi kwa nusu ya muda wa fremu, kwa hiyo kila fremu inapokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde. Jackson na mpigapicha wake Andrew Lesnie walitumia kamera za RED Epic kwa 5K, fremu 48, shata ya nyuzi 270. Hiyo ni 1/64 ya sekunde. Wangebaki na nyuzi 180 ingekuwa 1/96, picha ingekuwa kavu kupita kiasi. Na wangepiga nyuzi 360, toleo la 24 ndilo lingefanana zaidi na filamu tulizozoea. 270 ilikuwa mapatano, maana toleo la 24 lilipatikana kwa kutupa kila fremu ya pili.

Chukua skrini ya upana wa mita 12 na kitu kinachoivuka kwa sekunde 5. Kwa 24 na nyuzi 180, kinaruka sentimita 10 kati ya fremu na kuacha ukungu wa sentimita 5. Kwa HFR kinaruka sentimita 5 na ukungu wake ni 3.75. Kwenye toleo la 24 lililotokana na HFR kinaruka 10 lakini ukungu ni 3.75 tu, kwa hiyo hata waliotazama 24 waliona picha yenye makali kuliko kawaida. Ubongo uliozoea ukungu wa sinema hutumia ukungu huo kukadiria kasi. Ukipungua ghafla, mkono unaochukua kikombe unaonekana umeharakishwa. Wengi walisema hisia hiyo ilipungua kadiri filamu ilivyoendelea.

Kuhusu "tamthilia": maigizo ya studio yaliyorekodiwa kwa kamera za video za PAL yalikuwa na nusu-picha 50 kwa sekunde, na yale ya Marekani karibu 60. Vizazi vizima vimejifunza kwamba mwendo laini ni taarifa ya habari, mpira au mchezo wa kuigiza wa studio, na mwendo wa 24 ni sinema. Walioanza na filamu za hapa kwetu zilizopigwa kwa kamera za video wanaujua mwonekano huo vizuri sana. Fremu 48 ziliangukia upande wa video.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: taa. Lenzi mbili za 3D zinatakiwa zikaribiane kama macho ya binadamu, milimita 65 hivi au pungufu, na kamera zenyewe ni pana kuliko hapo. Kwa hiyo moja inapiga kupitia kioo cha nusu kilicholazwa nyuzi 45, nyingine inapiga taswira yake. Kioo kinagawa mwanga nusu kwa nusu. Weka na 1/64 badala ya 1/48, unahitaji mwanga karibu mara 2.7 kupata picha yenye mwangaza uleule. Pango la giza linalomulikwa hivyo ni rahisi kuonekana seti.

---

mwenye_kitabu

Mnasema kweli, lakini sikubali kwamba yote ni macho na mazoea. Filamu yenyewe ilichangia.

Kitabu cha Tolkien cha 1937 ni kifupi, kimeandikiwa watoto. Mradi ulianza kama filamu mbili, na Julai 2012, upigaji mkuu ukiwa umeshakwisha, ukatangazwa kuwa tatu. Ya kwanza ina dakika 169. Sehemu kubwa ya mwanzo iko nyumbani kwa Bilbo, hobiti (mtu mfupi wa kubuniwa) ambaye ndiye mhusika mkuu: vibete 13 wanaingia, wanakula, wanaimba, wanaosha vyombo. Hii ndiyo mandhari mbaya kuliko zote ya kuanzia fremu 48, kwa sababu ni ndani ya nyumba, mwanga mwingi, watu wengi wenye pua na ndevu za bandia, na hakuna mwendo mkubwa unaohitaji fremu za ziada. Mtazamaji anabaki na muda wa kukagua gundi.

Na mekapu ilikuwa na shida yake. Kamera zile zilikuwa zinafifisha nyekundu, ikabidi ngozi za waigizaji zitiwe wekundu zaidi na miti ya msitu wa Mirkwood ipakwe rangi kali ajabu, ili baada ya kusahihisha rangi ionekane ya kawaida. Pale usahihishaji unapopitiliza kidogo, uso unakuwa kama wa nta.

Ukubwa wa watu nao. Katika The Lord of the Rings walitumia ujanja wa kumweka mchawi Gandalf karibu na kamera na hobiti mbali, wakaonekana wameketi pamoja. Kwa lenzi mbili ujanja huo unakufa, kwa sababu 3D inafichua kwamba mmoja yuko mbali. Kwa hiyo Ian McKellen, aliyeigiza Gandalf, alipigwa kwenye seti yake ya kijani huku wenzake wakiigiza kwenye seti kamili, kamera ya pili ikifuata mwendo wa ya kwanza kwa kipimo kilichopunguzwa, na picha zikaunganishwa papo hapo. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, ila mwigizaji anayezungumza na viti vitupu anaonekana, na fremu 48 hazimsaidii kujificha.

Sasa linganisha na mafumbo ya Bilbo na Gollum, yule kiumbe wa pangoni. Watu wawili, giza, maneno mazuri. Hata walioichukia HFR walilisifu eneo hilo. Gollum ni uigizaji wa Andy Serkis uliovikwa mwili wa kompyuta, na kila tetemeko la shavu lake limetengenezwa kwa kasi hiyohiyo ya fremu 48, picha 96 kwa sekunde ukihesabu macho yote mawili. Hapo teknolojia na hadithi vilishikana mkono.

Msichanganye pia wakosoaji na watazamaji. Kura za CinemaScore (watazamaji wakipima filamu wanapotoka ukumbini) za wikiendi ya kwanza Marekani zilikuwa A, na mauzo duniani yalipita dola bilioni 1. Sifa mbaya ya HFR ilianza mapema, Aprili 2012 huko CinemaCon, Las Vegas, walipoonyesha dakika kama 10 ambazo rangi zake hazijasahihishwa na maeneo mengine yakiwa bado na skrini za kijani. Kuonyesha kazi mbichi kwa kasi inayofichua kila kitu lilikuwa kosa la maonyesho, na maneno "kama tamthilia" yakatangulia filamu kwa miezi minane.

---

mtaa_wa_pikseli

Mkuu uliyeuliza kuhusu mafaili: shaka yako ni sahihi. Diski za nyumbani za filamu hizi zilitoka kwa fremu 24, 3D zikiwemo. Faili lililoandikwa "48fps" ni la 24 ambalo programu imebuni fremu za katikati. Utalitambua hivi: simamisha mahali pa mwendo mkali, sogeza fremu moja moja, angalia vidole, ndevu na kingo za panga. Kila fremu ya pili utaona kingo zimeyeyuka au kidole kimekatika. Hiyo si HFR.

Runinga yako inafanya jambo hilohilo bila kukuuliza. Samsung huiita Auto Motion Plus, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Ingia mipangilio ya picha, zima kabisa, usiishie kupunguza. Runinga za kuanzia 2020 nyingi zina Filmmaker Mode inayozima yote kwa mkupuo. Ukishazima, mizunguko ya kamera itarukaruka kidogo. Hiyo ndiyo 24 halisi.

Ukipata video ya 48 ya kweli, angalia skrini unayotumia. Kwenye 60 Hz (skrini inayoonyesha picha mara 60 kwa sekunde), kila fremu ya nne inaonyeshwa mara mbili, mwendo unakwaruza. Kwenye 120 inagawanyika mara mbili na nusu, nayo haikai sawa. 96 au 144 ndizo zinazokubali. Watu wengi wanahukumu fremu 48 kwa monita ya 60, hapo wanahukumu monita.

---

mpenzi_wa_skrini

Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo nikitaka jaribio la haki nipige mwenyewe kwa 48 na 1/64, kisha nitupe nusu ya fremu? Na je, waliokuja baada ya Jackson walirekebisha nini?

---

shata270

Jaribio ni sahihi, ila mchana nje, si ndani. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa za bei ya chini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/64 haiingii sawasawa kwenye 1/100: utapata mistari au mwanga unaopumua. Ndani piga fremu 50 kwa shata ya 1/100 au karibu na 1/50, tupa nusu ubaki na 25, tofauti utaiona ileile. Weka kamera kwenye tripodi, mtu apite kushoto kwenda kulia kwa mwendo mmoja, kisha achukue kikombe mezani. Vitendo hivyo viwili vinatosha. Funga fokasi na mwangaza kwa mkono, la sivyo simu itabadilisha shata katikati ya jaribio.

Kuhusu waliofuata: Jackson mwenyewe aliilainisha picha ya filamu ya pili, ya 2013, wakati wa kusahihisha rangi. Mwongozaji Ang Lee akaenda fremu 120 mwaka 2016 na tena 2019 kwa Gemini Man, na kumbi zenye uwezo wa kuionyesha kamili zikawa chache mno. James Cameron kwenye Avatar: The Way of Water ya 2022 alichanganya: faili lote ni la 48, chini ya maji na kwenye mapambano fremu zote ni mpya, kwenye mazungumzo kila fremu imerudiwa mara mbili ili ionekane 24. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu la lawama za chakula cha vibete. Kasoro yake ni pale kasi inapobadilika ndani ya tukio moja. Jicho linashtuka, na wapo waliodhani projekta imekwama.

---

fundi_wa_projekta

Nyongeza kwa hilo la mwisho: mtazamaji akilalamika kwamba inakwama, usizime na kuwasha. Angalia kwanza kumbukumbu za seva kama kuna fremu zilizodondoka. Zikiwa sifuri, basi ni mpito wa 48 kwenda 24. Zikiwepo, kagua kasi ya diski na uone kama kuna filamu nyingine inanakiliwa kwenye seva wakati onyesho linaendelea, maana hicho ndicho chanzo cha kawaida.