Jino linang'olewa: la kuvaa na kuvua, daraja, au kipandikizi?

Maalim_Makorora
Assalaam aleikum, ndugu zangu, na salamu kwa wote. Daktari amenieleza kwamba jino langu moja haliwezi kuokolewa na itabidi ling'olewe. Amenitajia njia tatu za kuziba pengo: jino la bandia la kuvaa na kuvua, daraja linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, na kipandikizi kinachowekwa ndani ya mfupa wa taya. Bei zake zimepishana mno, na kila ninayemuuliza hapa Tanga ana jibu lake. Naomba waliopitia haya wanieleze lipi linadumu, kwa kuwa nataka kuamua kabla ya mwezi kwisha.

Shangazi_Chumbageni
Wa aleikum salaam, Maalim, na pole sana. Swali lako halijibiki lilivyo. Ni jino la mbele, chonge au gego? La juu au la chini? Meno ya jirani ni mazima au yamekwisha kuzibwa? Una umri gani, unavuta sigara, una maradhi yoyote? Gego la mwisho likitoka, wengi hawawekewi kitu na hawapungukiwi, ila jino la mbele ni habari nyingine kabisa.

Baharia_Raskazone
Kama uwezo upo, chukua kipandikizi. Mengine yote ni ya kupitisha siku. Mimi ninacho upande wa chini kulia, natafunia nyama na karanga bila wasiwasi wowote. Watu wanakiogopa kana kwamba kimevumbuliwa juzi, ilhali Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi mwaka 1965, baada ya kuona jinsi mfupa unavyoshikamana na metali ya titani, na mgonjwa yule aliishi navyo kwa zaidi ya miaka 40. Tena taya lisilo na mzizi wa jino hupungua mfupa, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa. Ukikaa sana ukifikiri, utakuta mfupa wa kukishikilia umekwisha.

Babu_Pongwe
Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi nina mapengo mawili ya magego tangu ujana, nakula muhogo na nyama, nalala usingizi. Sioni kwa nini mtu auze shamba kwa ajili ya jino moja.

Shangazi_Chumbageni
Babu yangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini pengo halitulii. Jino linalotazamana nalo hukosa mwenzake wa kukutana naye na huanza kushuka, na majirani huinamia mahali palipo wazi, hadi chakula kinanasa kila mlo na meno mazima yanaanza kuoza. Si kwa kila mtu, na si kwa kasi ileile, lakini hutokea. Na Maalim bado hajatuambia ni jino lipi.

Maalim_Makorora
Ni moja kati ya yale mawili makubwa ya mbele, juu. Limepasuka hadi ndani ya mzizi, na eksirei imeonyesha hivyo. Nina miaka 46, sivuti sigara, na majirani yake yote mawili ni mazima. Jambo linaloniumiza kuliko sura ni kazi yangu. Nafundisha Kur'ani watoto, na herufi za thaa, dhaal na dhaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa kingo za meno haya haya ya mbele, huku faa ikihitaji mdomo wa chini uguse ncha zake. Watoto huiga kinywa cha mwalimu. Nikitamka kwa upungufu, watabeba upungufu huo maisha yao yote, na hilo siwezi kulichukulia kuwa dogo.

Mama_Ngamiani
Maalim, nimesoma maneno yako nikasikitika, kwa hiyo niruhusu nieleze yaliyompata mume wangu, maana bado yananichoma. Naye alipoteza jino la mbele, na kwa kuwa bei ya hospitali ilionekana nzito, jirani alimpeleka kwa fundi wa mtaani aliyekuwa akiweka meno nyumbani kwake, kwa bei ndogo na kwa siku moja. Fundi yule hakupima taya wala hakutengeneza jino la kuvuliwa. Alikoroga plastiki ya maji, akaipaka juu ya fizi na kuizungushia meno ya jirani, akalishikiza jino humo ikagandia. Siku za kwanza tulifurahi, kwa sababu lilipendeza kweli. Lakini kitu kile hakikuwa kinatoka, mswaki haukuwa unafika chini yake, na chakula kilikuwa kinajificha humo. Fizi ikavimba, ikawa inatoa damu, harufu ya kinywa ikamfanya akae mbali na watu, hata msikitini akawa anasali pembeni. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alilazimika kuikata plastiki ile kwa mashine, na chini yake meno mawili mazima ya jirani yalikuwa yameoza shingoni na kulegea. Yote mawili yaling'olewa. Aliingia na pengo moja, akatoka na mapengo matatu. Bei ndogo ilitugharimu mara nyingi zaidi ya ile kubwa tuliyoikimbia. Nakuomba, chochote utakachochagua, kisiwe cha kugandishwa juu ya fizi.

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Nilihudumu katika afya ya kinywa kwa miaka mingi, na aliyoyaeleza Mama Ngamiani nimeyaona kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Maalim, la kuvaa na kuvua lililotengenezwa vizuri si adui. Linaweza kuandaliwa kabla ya kung'oa, ukaondoka siku hiyo hiyo ukiwa nalo, kisha likarekebishwa fizi inaponywea. Livuliwe usiku, lilowekwe katika maji baridi, na lisafishwe juu ya beseni lenye maji ili likiponyoka lisivunjike. Mwanzoni ulimi huhangaika, hasa kwenye sauti ya sa, na kusoma kwa sauti kila siku huuzoesha.

Daraja la kawaida, kwa hali yako, silipendi, kwa sababu linadai kusaga meno mawili mazima yasiyo na kosa. Lipo daraja jepesi linalogandishwa nyuma ya jino la jirani, ambalo husaga kidogo sana au halisagi kabisa. Muulize daktari wako kuhusu hilo kabla hujaamua.

Babu_Pongwe
Sasa hilo la kuvua, mtu akitawadha inakuwaje? Avue kila sala?

Baharia_Raskazone
Ndiyo sababu nasema kipandikizi. Hakuna la kuvua.

Maalim_Makorora
Babu, katika madhehebu ya Imam Shafi, kusukutua ni sunna na si faradhi, kwa hiyo udhu hausimami wala hauanguki kwa jino hilo. Ni vyema kulivua na kulisafisha kwa ajili ya usafi, lakini lisimzuie mtu kuswali. Hilo halinipi shaka. Kinachonipa shaka ni kwamba nina kisukari, mwaka wa sita sasa, natumia vidonge.

Shangazi_Chumbageni
Maalim, hilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona, huongeza maradhi ya fizi, na huweza kukiangusha kipandikizi. Maradhi ya fizi nayo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hiyo vyote viwili vitibiwe kwa pamoja. Pima ile sukari ya miezi mitatu, si ya kidole ya asubuhi peke yake, na daktari wa meno aone majibu hata kabla ya kung'oa.

Baharia_Raskazone
Msimtishe. Kaka yangu ana kisukari na kipandikizi chake kimeshika.

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Sikusema hakiwezekani, ndugu yangu. Sukari ikiwa imetulia, wengi huwekewa na hushika. Nimesema kisiwekwe kwa kubahatisha. Kwa kawaida mfupa huachwa ushikamane nacho kwa miezi mitatu hadi sita kabla ya kuvikwa jino lake, na katika muda huo wote Maalim atahitaji kitu cha kuvaa mdomoni ili afundishe.

Mama_Ngamiani
Na uulize bei uliyotajiwa inajumuisha nini. Wapo wanaotaja bei ya kile kinachoingia kwenye mfupa peke yake, na jino la juu likawa hesabu nyingine. Kama kazi inafanyika Dar es Salaam, piga na nauli za kwenda na kurudi, pamoja na mahali pa kulala.

Maalim_Makorora
Nimewasikia nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nitaanza na kipimo cha sukari katika hospitali ya Bombo, na nitauliza kuhusu lile daraja jepesi. La kudumu sijaamua.

Kijana_Pangani
Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu ana miaka 15, alianguka uwanjani na jino la mbele likatoka lote. Naye anaweza kuwekewa kipandikizi?

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Kwa sasa hapana, kwa sababu taya lake bado linakua, na kipandikizi hakikui nalo, kwa hiyo kitabaki juu huku meno mengine yakishuka. Jino lilitoka lini, na mmelihifadhi wapi?

Kijana_Pangani
Wiki iliyopita. Tulilitupa.

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Basi mpelekeni atengenezewe la kuvaa, na pengo lisiachwe wazi. Wengine mlio na watoto, jino la ukubwani likitoka zima lishikeni upande wa juu, si wa mzizi, msilisugue, mlitie kwenye maziwa na mkimbilie hospitali ndani ya saa moja. Likiwahi, hurudishwa.

Baharia_Raskazone
Hata mtu wa umri wa Maalim?

Tabibu_Mstaafu_Muheza
Hata yeye, lingekuwa limetoka zima. La kwake limepasuka mzizi.