Mwanga wa LED kwenye paji la uso kwa anayeacha unga (heroini): unawekwa upande gani, kwa dakika ngapi?

Mlezi_wa_Soba
Wakuu, naomba ushauri wa wanaoijua hii kitu. Kuna soba (aliyeacha unga) wa miezi mitano, yuko MAT, kliniki ya tiba ya uraibu, anakunywa methadone, dawa mbadala ya unga, miligramu 80. Arosto (mateso ya mwili kukosa unga) imeisha, ila hamu ya unga inamrudia. Ndugu zake wameona mkanda wa mwanga mwekundu wa kuvaa kichwani, boksi limeandikwa "wati 60, nanomita 660 na 850". Wanataka kuununua na kumkatisha methadone. Unasaidia kweli?

Mawimbi810
Msingi upo, mkuu, ila ni mdogo. Dkt. Fredric Schiffer wa hospitali ya McLean, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2020. Watu 22 wenye hamu ya opioidi (heroini na jamii yake) walipewa mwanga halisi na wa bandia kwa zamu. Wiki moja baada ya ule halisi, hamu ilikuwa imeshuka kwa takriban nusu, wa bandia ukaachwa mbali.

Vipimo vyao: LED ya nanomita 810 (urefu wa wimbi la mwanga), nguvu ya miliwati 250 kwa kila sentimita ya mraba, dakika 4, upande mmoja tu wa paji la uso. Piga hesabu: wati 0.25 mara sekunde 240 ni juli 60 (kipimo cha nishati) kwa sentimita ya mraba. Sasa rudi kwenye huo mkanda. "Wati 60" ni umeme unaovutwa au jumla ya balbu zilivyotajwa kiwandani, haikuambii ngozi inapata nini. Ukikuta unatoa miliwati 30 kwa sentimita ya mraba, juli 60 zitahitaji sekunde 2,000, yaani zaidi ya nusu saa, na hapo bado hujafanya jaribio lile lile. Halafu mkanda unamulika kichwa kizima. Nywele zinakula mwanga, na upande usiotakiwa nao unamulikwa.

Mlezi_wa_Soba
Upande usiotakiwa ndiyo upi?

Mawimbi810
Hapo ndipo wengi wanapokosea. Schiffer anashikilia kwamba kwa kila mtu nusu moja ya ubongo hubeba zaidi hofu na hamu, nyingine imetulia, na anamulika iliyotulia. Namna ya kuitafuta: chukua miwani ya kinga ya mafundi, izibe yote kwa plasta nyeusi, acha upenyo mwembamba ukingoni kabisa, upande wa sikio la kulia. Achungulie hapo kidogo, kisha aseme hamu na wasiwasi ni ngapi kati ya 0 na 10. Rudia kushoto. Njia za macho zinapishana: kinachoonekana kulia kabisa kinakwenda ubongo wa kushoto. Kwa hiyo akitulia zaidi akichungulia kulia, taa inawekwa paji la KUSHOTO. Wanaoweka upande ule ule wa upenyo wanamulika nusu isiyo yenyewe.

Kaunta_ya_Dozi
Kabla ya taa, ulizeni hamu inakuja saa ngapi. Ikipanda saa chache kabla ya kunywa dozi, ikaja na jasho, miayo na kamasi, hiyo ni methadone haimtoshi. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, kwa hiyo 80 bado ina nafasi ya kupanda. Ulizeni pia kama ameanzishiwa dawa za TB au za VVU. Rifampicin ya TB inalisukuma ini kuimaliza methadone haraka, na efavirenz ya VVU vilevile. Arosto inarudi ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na watu wanalaumu kila kitu isipokuwa hiyo. Arudi kliniki wapandishe dozi, taa haitibu hilo.

Kumkatisha ghafla ndiyo hatari kubwa kwenye uzi huu wote. Mwili ukishasahau unga, kete aliyoizoea zamani inaweza kusimamisha pumzi.

Mawimbi810
Naunga mkono. Taa ni ya hamu inayoamshwa na kijiwe, harufu, mshahara, ugomvi.

Usalama: nanomita 810 karibu haionekani, kwa hiyo jicho halijikingi wala halipepesi. Miwani ya kuzuia infraredi avae anayemulikwa na anayeshika taa. Ngozi nyeusi inanyonya mwanga huu zaidi na kupata joto, jaribuni kwanza dakika moja mkononi. Ikichoma, simamisheni. Mwenye kifafa asikaribie taa inayopepesa.

Mlezi_wa_Soba
Na tutajuaje kama imefanya kazi?

Kaunta_ya_Dozi
Maswali matatu, kila moja 0 hadi 10: sasa hivi unautaka unga kiasi gani? Wiki iliyopita, hamu ilipokuwa kali kuliko zote ilifika ngapi? Ukiwa kijiweni ulipokuwa unavutia, uwezekano wa kuvuta ni kiasi gani? Andikeni kabla ya taa, kisha baada ya siku saba, ukiwa umepita muda ule ule tangu anywe dozi. Mkipima asubuhi kabla ya dozi halafu mara ya pili mchana baada ya dozi, mtakuwa mmepima methadone.