Mafundi acheni kupiga daireki swichi ya kiti! Na wauzaji wa matrekta madogo, fundisheni watu kutumia PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine nyingine) trekta likiwa limesimama

Wakuu, hili jambo limenifika kooni, leo nalitoa lote.

Inua kiti cha trekta dogo lililowahi kupita kwa fundi kwa ugonjwa wa "linazima lenyewe". Mara nyingi utakuta kitu kilekile: soketi ya swichi imekatwa, nyaya mbili zimemenywa, zimesokotwa pamoja na kuviringishiwa tepu nyeusi ambayo tayari imeanza kuachia kwa joto. Hiyo ndiyo tiba. Fundi kapiga daireki, kalipwa, kaondoka, na mwenye trekta anashukuru kwa kuwa injini haizimi tena. Hakuna aliyemwambia kwamba tangu siku hiyo trekta lake linaamini kuna mtu kitini muda wote, hata kama mtu huyo yuko chini ya gurudumu.

Kuzima huko kwa kawaida si ubovu. Trekta dogo la kisasa lina swichi chini ya kiti, nyingine kwenye mkono wa PTO, nyingine kwenye gia au kwenye pedali kwa yale ya haidrostati (yanayosukumwa kwa mafuta ya presha), na mara nyingi moja kwenye breki ya kuegeshea. Zote zinapeleka taarifa kwenye rilei au kisanduku cha umeme, na kwa mengi hicho ndicho kinachoruhusu volti 12 kufika kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli. Ukinyanyuka kitini PTO ikiwa imeingia, umeme unakatwa, solenoidi inafunga mafuta, injini inakufa. Mengi yamewekewa kuchelewa kidogo, ili kiti kikirushwa na tuta usizimiwe katikati ya shamba.

Sasa mtu anataka kuendesha pampu ya maji, jenereta, mashine ya kupukuchua au ya kukata majani. Ni lazima ashuke. Anashuka, linazima. Anawasha, anashuka, linazima tena. Anaita fundi, na fundi anatoa koleo.

Jamani, njia ipo ndani ya trekta lenyewe! Kwa mengi ni hivi: egesha pasawa, funga breki ya kuegeshea mpaka meno yashike, weka nyutro gia kuu pamoja na ile ya kuchagua mwendo mkubwa na mdogo, toa kabisa PTO ya tumboni (ile ya kukatia nyasi), ndipo uingize PTO ya nyuma injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Kisanduku kikiona breki imefungwa, gia ni nyutro na PTO ya tumboni haimo, kinakuruhusu unyanyuke na injini inaendelea. Ukisahau kitu kimoja tu, linazima. Mengine yana kitufe au mkono maalumu wa kazi ya kusimama. Mengine yanataka ukilaze kiti mbele baada ya kufunga breki. Lako ni la aina gani, kitabu chake kinasema kwenye sura ya PTO. Muuzaji anayekabidhi trekta bila kuionyesha sura hiyo kwa vitendo, mteja akiwa amekaa pale juu, hajakabidhi trekta.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Kama umefuata hatua zote na bado injini inazima ukinyanyuka, swichi ya kiti haina kosa. Imeona umeondoka na imesema hivyo. Aliyekaa kimya ni yule aliyepaswa kusema "breki imefungwa" au "gia iko nyutro". Lala chini uangalie swichi ya breki: kebo ikirefuka au nati ya kurekebishia ikilegea, mkono unapanda hadi juu lakini kidole cha swichi hakibonyezwi mpaka mwisho. Pengo la milimita 2 linatosha kukusumbua msimu mzima. Swichi ya nyutro nayo hujaa tope na grisi iliyoganda. Safisha, rekebisha, jaribu tena. Kukata nyaya za kiti kwa kosa la breki ni kumng'oa mgonjwa jino zima akaondoka na lile bovu.

Ya kiti unaishuku pale trekta linapozima ukiwa umekaa, hasa kwenye mashimo. Hata hapo usikimbilie kisu. Angalia springi ya kiti: ikiwekwa kwa uzito wa mtu mnene, mwembamba akikaa haibonyei vya kutosha. Angalia sponji kama imekufa. Fuata nyaya mpaka kwenye reli ya kusogezea kiti, maana hapo ndipo zinaposagwa. Chomoa soketi, ukiona kutu ya kijani, ndiyo hiyo. Kisha shika mita, weka kwenye omu. Swichi ya nyaya mbili ambayo kwa kawaida iko wazi inatakiwa isome chini ya omu 1 ikibonyezwa, na isisome kitu ikiachiwa. Zipo zinazofanya kinyume, na zenye nyaya nne mara nyingi zina jozi moja ya kila aina, kwa hiyo pima jozi kwa jozi. Namba ikicheza huku umeibonyeza bila kutikisa mkono, tupa, weka mpya. Ni soketi moja na skrubu mbili au lachi, basi.

Kama swichi zote nzima, pima umeme kwenye solenoidi injini ikiunguruma. Betri ikiwa na volti 14 na solenoidi inapata 11, unapoteza 3 njiani, kwenye soketi au fyuzi iliyolegea. Kiti kinasingiziwa.

Kuna wasiokata waya. Wao wanaweka jiwe au mfuko wa mbolea kitini. Fikirini trekta hilo breki ikiteleza, au mtoto akigusa mkono wa gia: linaondoka na jiwe lake na halizimi, kwa sababu kwa hesabu zake dereva yupo. Na uzito huo ukikaa saa nne kila siku unaua springi na sponji, kisha mwakani mnalalamika trekta linazima mkiwa mmekaa.

Watengenezaji nao hawaponi. Kwa nini soketi ya kitu nyeti hivi iangalie juu, chini kabisa ya kiti, maji yanapodondokea kiti kikichanika? Kwa nini stika ya hatua hizi isibandikwe kwenye fenda ya dereva? Na matrekta yaliyotumika kutoka Japani yanauzwa stika zikiwa za Kijapani, ya zamani mengi hayana swichi ya kiti kabisa, na PTO yake ina gia kadhaa. Ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mizunguko 540 kwa dakika. Za juu zinaweza kupita 1,000. Mashine ya 540 ukiifunga hapo kwenye gia ya tatu inaweza kupasuka.

Mizunguko 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Bomba la shafti lenye kipenyo cha sentimita 6 likiwa bila kava linakunja karibu mita 1.7 za nguo kila sekunde. Mkono mzima wa shati unaisha kabla hujamaliza kuita. Na ukishakuwa kwenye kazi ya kusimama, swichi ya kiti haikulindi tena, kwa hiyo kava la plastiki na mnyororo wake wa kulizuia lisizunguke ndivyo ulivyobaki navyo. Ukitaka kuzibua mashine: punguza mwendo wa injini, toa PTO, zima, chomoa ufunguo, subiri shafti isimame kabisa. Mashine yenye gurudumu zito inaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya injini kuzima.

NYONGEZA: Kwa mkuu aliyeuliza atajuaje kama lake limeshapigwa daireki. Toa shafti kabisa, weka vigingi kwenye magurudumu, gia nyutro, breki ya kuegeshea ifunguliwe ili lisidhani ni kazi ya kusimama. Kaa, washa, ingiza PTO injini ikiwa chini, halafu nyanyua makalio kitini bila kushuka, mikono ikiwa kwenye usukani. Hesabu mpaka tatu. Kama bado linaunguruma, inua kiti utafute tepu nyeusi. Nunua soketi yenye mikia ya nyaya, chomelea kwa risasi kila waya na mwenzake wa rangi ileile, funika kwa mrija wa kubana kwa joto, na funga nyaya mbali na reli.