MREJESHO: Ngitili ya Kishapu, kisiki hai kimejibu

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kama malisho yetu Kishapu, yaliyobaki vumbi na visiki, yanaweza kurudi kuwa msitu wa asili, na kama hewa ukaa inayonyonywa na miti yake inauzika. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kisiki hai, yaani kukuza upya miti kutoka visiki ambavyo bado viko hai. Kila kisiki tuliachia machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine tukapogoa, kisha tukafunga kitambaa ili wachungaji wayaone. Eneo tukalifunga kama ngitili ya wazee, yaani malisho yanayotengwa yapumzike. Ng'ombe wanaingia kiangazi tu. Migunga sasa imenipita kimo na chini yake nyasi zimeshika. Mzee aliyenikumbusha kazi ya HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) hapa Shinyanga tangu 1986, Mungu akubariki.

Miche ya mikwaju tuliyopanda karibu yote imekufa kwa mchwa na jua. Kwa ardhi kama yetu, pesa ya miche heri umlipe mlinzi.

Hewa ukaa bado hatujauza. Eneo la familia moja ni dogo, gharama za kupima na kuhakiki zinameza mapato. Tunaongea na serikali ya kijiji tuungane na ngitili za majirani. Ukifuatwa na dalali wa hewa ukaa, soma kwanza kanuni za biashara ya kaboni (hiyo hewa ukaa) za 2022 kabla hujasaini.