Naomba ushauri: nampeleka mama Berlin siku nne, magoti yanamsumbua

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tano nampeleka mama Berlin, mdogo wangu anaishi huko ila yuko kazini mpaka jioni kwahiyo mchana tutakuwa wawili tu. Mama ana miaka 68, ngazi hawezi, na akitembea nusu saa lazima akae.

Nimepanga tupande basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoo mpaka uwanja wa Alexanderplatz, maana linakatiza bustani ya Tiergarten, unaona nguzo ya Siegessäule, jengo la bunge Reichstag, barabara ya Unter den Linden, yote kwa tiketi ya kawaida. Ila tiketi zenyewe ndo zinanitia hofu. Mwaka juzi nilinunua ya karatasi kwenye mashine nikaitia mfukoni bila kuigonga muhuri kwenye kile kiboksi cha stesheni, wakaja wakaguzi wamevaa kiraia, faini euro 60, watu wote wananiangalia. Sitaki mama apate aibu ile. Nichukue za siku au ya wiki? Na uwanja wa ndege uko zoni C ya nauli, inakuwaje hapo?

Kubwa zaidi ni Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Mama ni mtu wa Lindi, babu yake alimsimulia wapagazi walivyobeba mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kilima cha huko Lindi, vichwani mpaka pwani, ile iliyochimbwa 1909 mpaka 1913, na sasa yule dinosaria amesimama pale zaidi ya mita 13. Nataka akae mbele yake aangalie mpaka atosheke. Mle ukumbini kuna viti? Na stesheni ya treni ya chini ya ardhi U6 pale ina lifti? Mlioenda na wazee nisaidieni jamani.