Inverta ya sola inachemka bila mzigo: kosa ni la kiini cha transfoma?

FundiLangoni (Lamu):
Asalam aleikum wanajamvi. Nina inverta ya mteja wa Shela, volti 12 kwenda 240, ya friji ndogo ya samaki. Iliwahi kupita kwa fundi mwingine akasuka upya transfoma. Sasa hata ukichomoa kila kitu inavuta ampea 3 kwenye betri, yaani wati 36 za bure. Kwa usiku wa saa 10, ampea-saa (Ah) 30 za betri zimekwenda. Mosfeti (swichi za kielektroniki) zimepoa, lakini kiini, ile sehemu ya sumaku inayozungushiwa waya wa transfoma, hakishikiki kwa joto. Oskiloskopu inaonyesha kilohezi 50. Niweke waya mnene zaidi? Mzee wa watu anategemea samaki hao, sitaki kumrudishia kitu cha kubahatisha.

BintiMalindi:
Waalaikum salaam fundi. Waya mnene hautakufaa. Waya huchemshwa na mkondo wa mzigo, na hapo mzigo hakuna. Joto linatoka ndani ya kiini chenyewe. Sumaku inageuzwa huku na huku mara 50,000 kwa sekunde, na kila mgeuzo unakula nishati; hiyo ndiyo histeresisi. Juu yake kuna mikondo midogo inayozunguka ndani ya kiini. Kina umbo na rangi gani?

FundiLangoni:
Ni pete ya manjano, upande mmoja mweupe.

BintiMalindi:
Basi ndipo hapo. Hiyo ni pete ya unga wa chuma, kazi yake kulainisha umeme wa DC kwenye pawasaplai za kompyuta. Kule sumaku hupanda na kushuka kidogo tu. Kuifanya transfoma ya kilohezi 50 ni kuionea. Tena gundi inayoshika unga ule huzeeka kwa joto: upotevu unazidi, joto nalo linazidi, na ikishaharibika hairudi.

Kijana_Faza:
Nina mabati ya transfoma ya stebilaiza. Hayafai?

MzeeSakiti:
Hayafai mwanangu. Bati la nusu milimita ni la hezi 50. Upotevu wa ile mikondo ya ndani hupanda kwa mraba wa masafa (idadi ya migeuzo kwa sekunde), na hapa masafa ni mara elfu.

Fundi, tafuta feraiti (kiini cha kauri ya sumaku) nyeusi ya umbo la E, isiyo na mwanya kwenye nguzo ya kati. Kisha hesabu mizunguko vizuri. Mhandisi wa umeme Steinmetz alipima chuma mwaka 1892 akapata upotevu unapanda kwa kipeo 1.6 cha msongamano wa sumaku. Kwa feraiti ni karibu 2.5, kwa hiyo hapa ndipo penye faida. Kiini cha eneo la sm² 1.78, kwa volti 12 na mizunguko 2 kila upande wa praimari (waya wa upande wa betri), kinafika tesla 0.17 za msongamano huo. Ukiweka 3 kinashuka hadi 0.11, na upotevu unabaki theluthi na kidogo. Sekondari (waya wa upande wa kutolea umeme) nayo iongeze kwa uwiano uleule.

FundiLangoni:
Shukrani mzee wangu. Pawasaplai mbovu ninazo, ila feraiti zake zimegandishwa kwa vanishi.

BintiMalindi:
Usigonge, itapasuka kama kigae. Ipashe moto polepole mpaka vanishi ilegee, ndipo uvute. Na ikipata joto kiasi kazini usiogope: feraiti nyingi za kazi hii hupoteza kidogo zaidi kati ya nyuzi 80 na 100. Kabla hujamrudishia mteja, pima tena ampea bila mzigo, utupe jibu hapa.